Mtoto analia dukani, unampa pipi anyamaze. Hapo nani kamfundisha nani?

#1 (mleta uzi)

Wakuu, nina duka la rejareja hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Wateja wananiita mangi, jina wanaloitwa Wachaga wenye maduka, ingawa mimi ni Mluguru wa mlimani kabisa, nimeshazoea. Kabla ya duka nilisomea ualimu. Cheti kipo kabatini, ila somo la saikolojia ya elimu halijanitoka kichwani, na nadhani nimelielewa vizuri nikiwa nyuma ya kaunta kuliko nilivyolielewa chuoni.

Juzi jioni kaja dada mmoja na mwanawe wa kama miaka minne. Alifuata sukari robo na kipande cha sabuni. Mtoto akaiona ndoo ya pipi. Ndoo hiyo mimi naiweka chini, mbele kabisa, usawa wa macho ya mtoto, na msiniulize kwa nini. Akaomba. Mama akasema hapana. Akaomba kwa sauti. Hapana. Akaanza kulia. "Nimesema hapana, leo sina hela ya pipi." Mtoto akajitupa chini kwenye unga uliomwagika, miguu inapiga sakafu. Nyuma yao watu watatu wanasubiri kuhudumiwa, mmoja anacheka, mmoja anaguna. Mama akatoa mia, akaibwaga kaunta: "Mpe bwana, anyamaze!" Nikampa pipi kijiti. Kimya. Machozi bado yako shavuni, mdomo uko kazini.

Akanigeukia: "Mangi, huyu mtoto mkaidi, sijui kafundishwa na nani."

Nilinyamaza kwa sababu ni mteja. Huku sijulikani, ngoja niseme.

Ndani ya dakika zile mbili kulikuwa na wanafunzi wawili dukani. Wa kwanza ni mtoto. Kajifunza kwamba hapana ya kwanza si hapana, ya pili si hapana, na kinacholeta pipi ni kujitupa chini. Hakuna aliyemwambia hivyo, na mdomo wa mama ulisema kinyume chake. Ila tabia haisikilizi mdomo. Inaangalia nini kilifuata baada ya kitendo.

Mwanafunzi wa pili ni mama. Kelele na aibu vilikoma sekunde ileile alipotoa mia. Hii ndiyo waliyotufundisha kwa jina la uimarishaji hasi, swali lililotuangusha darasa zima maana karibu wote tuliandika kuwa ni adhabu. Si adhabu. Ni pale unapofanya jambo na kero ikaondoka, basi jambo lile likapata nguvu. Umemeza panadoli, kichwa kikaacha, kesho kikiuma huulizi, mkono unakwenda wenyewe. Dada yule kesho atatoa mia mapema zaidi. Yeye anadhani anamlea mtoto, na mtoto naye, bila kujua, anamlea yeye.

Sasa turudi nyuma kidogo kwa wanaopenda chimbuko la mambo.

Pavlov kila mtu anamjua kwa kengele yake, ile iliyowatoa mbwa mate kabla hawajaona chakula. Lakini mzee yule hakuwa mtu wa saikolojia. Alikuwa mtaalamu wa mmeng'enyo wa chakula huko St. Petersburg, Urusi, na Nobel yake ya 1904 aliipata kwa hayo ya tumbo. Alikuwa akipima mate ya mbwa, mbwa wakaanza kumharibia kazi: mate yanatoka kabla chakula hakijafika, mara nyingine kwa kusikia tu hatua za mhudumu. Mwingine angemfokea mhudumu avue viatu. Yeye akaona hilo ndilo jambo lenyewe, akalifuata maisha yake yote yaliyobaki. Na kengele haikuwa peke yake. Alitumia sana metronomu, kile kidude cha wanamuziki kinachogonga tik-tak. Mtaani kwetu tunayo ya aina yake: baiskeli ya aiskrimu. Ule muziki ukisikika kwenye kona ya msikiti, watoto wameshameza mate kabla hawajaiona baiskeli yenyewe.

Lakini mate hayatoki kwa makusudi. Kilio cha dukani ni kitendo kinacholeta kitu, na hapo tunamhitaji Thorndike, Mmarekani, mwaka 1898. Alifungia paka wenye njaa kwenye visanduku vya mbao, chakula nje. Paka anakwaruza, anang'ata mbao, anapitisha kucha kila tundu, hatimaye kwa bahati anavuta kamba au kukanyaga kibao, mlango unafunguka. Anarudishwa tena. Na tena. Thorndike hakuona siku paka "ameelewa" ghafla. Alichoona ni muda unaopungua polepole: mikwaruzo isiyofaa inafifia, kitendo kinachofungua mlango kinabaki. Mtoto wetu wa pipi alianza kwa kuomba vizuri, mnakumbuka? Kuomba vizuri ni mkwaruzo usiofungua mlango. Utafifia.

Halafu kuna panya. Kwa hili sisi watu wa Morogoro tuna haki ya kutamba kidogo.

Pale SUA, chuo kikuu chetu cha kilimo, kuna shirika la APOPO, lilianzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji, Bart Weetjens, na tangu 2000 makao yake yako hapa kwetu. Wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya TB. Somo la kwanza kabisa si bomu. Ni kidude kidogo cha mkononi kinacholia tik. Tik, panya anapewa ndizi iliyopondwa na karanga. Tik, ndizi. Tik, ndizi. Mpaka tik yenyewe inakuwa tamu. Hapo ni Pavlov mtupu. Baada ya hapo tik inageuka sarafu ya kununulia tabia: pua ikitulia juu ya harufu ya TNT, baruti ya kwenye mabomu, tik. Pua ikiwa kwingine, hakuna kitu. Hachapwi, hafokewi. Mafunzo yote ni kama miezi tisa.

Kwa nini tik, kwa nini asipewe ndizi moja kwa moja? Nilijiuliza sana hili. Jibu ni kwamba mkono wa mwanadamu ni mzito. Mpaka ndizi imfikie, panya ameshageuka, anajikuna sikio. Basi utakuwa umelipia kujikuna sikio. Tik inaangukia kwenye kitendo chenyewe, papo hapo, na ndizi inaweza kuja kwa wakati wake. Ukikumbuka hilo utaelewa kwa nini "subiri baba yako arudi jioni" haijawahi kumfundisha mtoto chochote isipokuwa kumwogopa baba yake jioni.

Na msidharau mhitimu wa shule hiyo. Magawa, panya aliyezaliwa hapa Tanzania, alikwenda Kambodia mwaka 2016. Mwaka 2020 shirika la kutibu wanyama la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu ya ushujaa. Mpaka anafariki Januari 2022 alikuwa amenusa mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Kwa ndizi.

Karibuni, tupieni mawazo.

#2

Kumbe ile ndoo mnaiweka chini makusudi! Mangi, wewe ni mtu hatari kuliko hao mabomu. Naweka kituo, naja.

#3

Uzi mtamu ila mrefu. Mimi yangu ni moja: mwanangu wa darasa la nne anapenda sana kusoma hadithi, nimeanza kumpa mia tano kila akimaliza kitabu ili aongeze bidii. Niko sawa?

#4 (mleta uzi)

Mkuu #3, ungesema hapendi kusoma ningekwambia endelea, jaribu. Lakini kama anapenda tayari, hiyo mia tano iogope. Mwaka 1973 mtafiti Lepper na wenzake walikwenda kwenye shule ya chekechea huko Marekani wakachagua watoto wanaopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri likichora, likapewa. Siku kadhaa baadaye, kalamu zikiwa mezani bila ahadi yoyote, ndio waliozigusa kidogo zaidi. Waliopewa cheti bila kuahidiwa kwanza hawakuharibika. Kuchora kulikuwa mchezo, kukageuka kibarua, na kibarua bila malipo nani anafanya? Mnunulie kitabu kingine, umwulize hadithi iliishaje. Mia tano weka kwenye kuosha vyombo.

#5

Mangi nina swali na usinichekee. Nina miaka 31, naendesha boda, nabeti. Hesabu yangu naijua, nimeliwa kuliko nilivyokula, tena mbali sana. Sasa wewe unasema tabia inafuata malipo. Mimi silipwi. Mikeka inachanika kila wiki. Kwa maneno yako ningekuwa nimeshaacha mwaka jana. Mbona siachi?

#6 (mleta uzi)

Kaka, sicheki, hili ndilo swali zuri kuliko uzi wangu wote.

Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeweka panya kwenye kisanduku chenye kibonyezo cha kutoa chakula, alikuwa anajitengenezea mwenyewe vidonge vya chakula cha panya wake. Kazi ya mkono, ya kuchosha. Jumamosi moja mchana akapiga hesabu, akaona vidonge vitaisha Jumatatu asubuhi, yaani jioni nzima akae kwenye mashine ya vidonge. Uvivu ukamwingia. Akajiuliza: lazima nimlipe panya kila anapobonyeza? Akaanza kuwalipa mara moja tu kwa dakika, hata wakibonyeza mara nyingi. Panya hawakuacha. Waliendelea kubonyeza kwa mwendo uleule mzuri, na vidonge vikatosha.

Baadaye, akiwa na mwenzake Ferster, alijaza kitabu kizima kwa mipangilio ya malipo, mwaka 1957. Kati ya yote, mpangilio unaomshika mnyama vibaya kuliko mingine ni ule wa malipo kuja baada ya idadi ya majaribio isiyotabirika. Mara ya tatu, mara ya arobaini, mara ya saba. Njiwa anadonoa bila kupumzika. Ndio mpangilio wa mashine za kamari zile za kuingiza sarafu, ndio wa kale kamchezo ka ndege, na ndio wa mkeka wako.

Angalia swichi ya taa yako. Kila siku ukibonyeza inawaka. Leo haijawaka: utabonyeza mara mbili tatu, utasema umeme umekatika, basi. Sasa chukua rimoti ya zamani inayofanya kazi ikijisikia. Hiyo utaibonyeza, utaipigapiga kwenye goti, utazungusha betri, utabonyeza tena mpaka kidole kiume, kwa sababu imekufundisha kwamba kimya si mwisho. Aliyelipwa kila mara anajua haraka malipo yalipokoma. Wewe umelipwa kwa kubahatisha, kwa hiyo hakuna mkeka hata mmoja uliochanika unaoweza kukuthibitishia kwamba mambo yamekwisha. Kila uliochanika unafanana kabisa na ule uliotangulia ushindi.

Na ule uliochanwa na timu moja ya mwisho dakika ya 89? Huo kwenye daftari ni hasara kamili, ila moyoni unaingia kama nusu ya ushindi. Sijui kama wewe unaukumbuka kuliko ile iliyochanika mapema. Mimi naukumbuka wangu. Nilikuwa nauza huku redio iko sikioni.

Mawaidha sikupi, nadhani umeshapewa ya kutosha na hayakufanya kazi kwa sababu niliyosema pale juu: tabia haisikilizi mdomo. Gusa kinachotangulia. Zuia zile meseji za ofa, maana kila moja ni baiskeli ya aiskrimu kwenye kona ya msikiti. Hela ya hesabu ya bosi isilale kwenye simu. Ongeza hatua kati ya hamu na kubonyeza.

#7

"Moyoni unaingia kama nusu ya ushindi." Dah. Nimefunga simu nimekaa kwanza.

#8

Samahani wakuu, mimi napingana. Mnatulinganisha binadamu na panya na njiwa. Binadamu ana akili, ana dini, ana malezi. Mtu anaamua. Mambo haya ya kusema kila kitu ni malipo ndiyo yanafanya watu wasiwajibike.

#9 (mleta uzi)

Mzee wangu, nusu nakubali, na waliosaidia kunikubalisha ni wanafunzi wa Skinner mwenyewe.

Keller Breland na mkewe Marian walifungua biashara ya kufundisha wanyama kwa maonyesho na matangazo. Mwaka 1961 wakaandika makala ya kukiri aibu: wanyama wanawagomea. Nguruwe alifundishwa kubeba sarafu za mbao na kuzitia kwenye kibubu, analipwa chakula. Mwanzoni safi. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuziangusha njiani, anazifukua kwa pua, anazirusha, anazifukua tena, kama anatafuta mizizi porini. Chakula kinachelewa, njaa inazidi, yeye anafukua. Malipo yapo palepale lakini unguruwe umeshinda. Kwa hiyo hapana, si kila kitu kinaandikwa na malipo juu ya ukurasa mtupu. Kila kiumbe anakuja na maandishi yake.

Na binadamu anajifunza hata bila kulipwa. Mwanasaikolojia Bandura, mwaka 1961 pale chuo kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa wa kujaza hewa, anamkalia, anampiga nyundo. Watoto walipoachwa na mdoli wakarudia yaleyale, pamoja na maneno. Hakuna aliyewapa pipi. Miaka michache baadaye akafanya tena, safari hii baadhi waliona yule mtu akigombezwa. Hao hawakuiga sana. Lakini walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, wakaonyesha chote. Walikuwa nacho tangu mwanzo, wamekiweka akiba.

Sasa kuhusu kuwajibika. Mimi najua ndoo yangu inafanya nini ikiwa chini. Nikishajua, nadhani ndipo ninapoanza kuwajibika, maana siwezi tena kusema mtoto wa watu ni mkaidi.

#10

Kumbe kesi ya ndoo bado inasikilizwa 😂

#11

Hodi jamani, mie naandika kutoka Mombasa. Nimesoma nikacheka peke yangu. Mimba yangu ya kwanza nilikula viazi karai pale Mama Ngina, vitamu ajabu, na ukwaju wake. Usiku ule homa ikanishika, kutapika mpaka alfajiri. Hospitali wakapima, ni malaria. Malaria! Viazi havina hatia yoyote, najua hivyo, daktari kaniambia, mume wangu alikula sahani ileile akalala usingizi. Mtoto huyo sasa yuko gredi ya sita, na mie mpaka leo nikisikia harufu ya ule unga kwenye mafuta tumbo lapinduka. Mara moja tu, wala si mara mia kama huyo mbwa na kengele yake. Nieleze hilo, mangi.

#12 (mleta uzi)

Dada wa Mombasa, umegusa kitu kilichowasumbua wakubwa wa fani hii kwa miaka.

Kanuni ya zamani ilikuwa viwili vikutane kwa karibu, sekunde chache, tena mara nyingi. Akatokea mtafiti John Garcia. Aliwapa panya maji matamu kisha akawapiga mionzi ya kuwaumiza tumbo. Ugonjwa ukaja baadaye, panya wakayakataa maji matamu. Wakubwa wakaona haiwezekani, majarida yakamkatalia makala. Mwaka 1966 yeye na Koelling wakafanya jaribio ambalo mpaka leo nalipenda kuliko yote: panya wanakunywa maji yenye ladha, na kila wakilamba inawaka taa na kulia mlio. Waliougua tumbo baadaye waliogopa ladha, taa hawakuijali. Waliopigwa shoti ya umeme waliogopa taa na mlio, ladha hawakuijali. Maji yaleyale. Tumbo linamshuku mlo, ngozi inamshuku kinachoonekana na kusikika.

Kwa hiyo mwili wako usiku ule ulifanya upelelezi wake wa haraka, ukakamata viazi. Uamuzi wa daktari haukufikishwa huko chini. Na mnyama ambaye angehitaji kula sumu mara mia ndipo ajifunze, asingeacha wajukuu.

#13

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkoa nauhifadhi. Darasa langu lina watoto zaidi ya 90. Ninyi wa nadharia njooni mkae humo siku moja. Mimi nasema fimbo inafanya kazi. Nikiingia nayo tu, kimya. Sihitaji Pavlov.

#14 (mleta uzi)

Mwalimu, shikamoo, na pole kwa hao 90. Nilifanya mafunzo ya vitendo kwenye darasa la namna hiyo, nikatoka sauti imekauka.

Ila tazama ulichoandika. Unaingia na fimbo, kelele inakoma papo hapo. Nani hapo kalipwa? Wewe. Ni yuleyule dada wa pipi, kero imekoma sekunde ileile, kwa hiyo mkono wako kesho utaenda kwenye fimbo mapema zaidi. Fimbo inamfundisha vizuri sana mwalimu. Kuhusu wanafunzi, fanya kitu kimoja: toka uende ofisini, simama nyuma ya dirisha usikilize. Ukirudi, ukikanyaga tu barazani, kimya kinatangulia. Wamejifunza hatua zako, kama wale mbwa walivyojifunza hatua za mhudumu.

Sheria unaijua kuliko mimi: kanuni za 2002 hapa Tanzania zinamruhusu mwalimu mkuu au aliyekaimishwa kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Wenzetu Kenya walipiga marufuku 2001. Lakini tuache sheria, nikusimulie cha kwangu.

Darasa la tano tulikuwa na hesabu ya kichwa kila asubuhi. Unasimama mstari, unaulizwa 7 mara 8, ukikosa mkono mbele. Mimi leo napiga hesabu za duka siku nzima, jumla, chenji, faida, sikosei. Lakini mtu akinisimamia mbele akaniambia ghafla "ngapi hiyo?", kiganja kinaloa jasho. Kile cha kulia, kilichokuwa kinapokea. Fimbo ilikuwa ya saa mbili asubuhi ya miaka ile, hofu ikahama kutoka fimbo kwenda kwa mwalimu, kutoka kwa mwalimu kwenda kwenye swali.

Kuhama huko si ajabu. Watson na Rayner, 1920, walimchukua mtoto wa miezi 11 ambaye hakumwogopa panya mweupe, wakawa kila akimgusa wanapiga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Mara saba zikatosha. Akawa analia kwa panya, kisha kwa sungura, kwa mbwa, hata kwa koti la manyoya. Na hofu ile hawakumwondolea kabla hajaondoka. Ukatili huo leo usingeruhusiwa, na hata wakati ule sijui walilalaje.

Aliyefanya la maana ni Mary Cover Jones, mwaka 1924. Alikuwa na mtoto anaitwa Peter katika maandishi yake, anaogopa sungura. Akamkalisha kitini ale chakula anachokipenda, sungura akiwa mbali kwenye tundu lake. Kesho karibu kidogo. Akionyesha wasiwasi, anarudisha nyuma. Mwishowe Peter anamshika sungura kwa mkono. Hakumwambia "acha uoga, sungura hang'ati." Chakula kilifanya kazi ambayo maneno yasingefanya.

#15

Mwalimu hapa. Nimesimama nyuma ya dirisha leo. Sitasema nilichosikia. Lakini hao 90 utanisaidiaje, hujajibu.

#16 (mleta uzi)

Ni kweli sijajibu, na sina jibu la 90. Ninalo la 5. Chagua watoto watano wa nyuma wanaokusumbua, uwataje kwa jina wakati wametulia, wakati huohuo, si mwisho wa kipindi. Kwa kawaida majina yao wanayasikia wakikosea tu, kwa hiyo kukosea ndiyo bei ya kutambuliwa. Jaribu wiki mbili.

#17

Mangi nimerudi na ripoti, mimi ni msomaji wa kimya tangu ukurasa wa kwanza. Wangu si pipi, ni simu yangu anataka katuni. Nikaamua hapana ni hapana. Siku ya kwanza alilia dakika kumi. Ya pili ishirini. Ya tatu alilia karibu dakika arobaini, akatapika, majirani wakagonga mlango. Bibi yake akatoka chumbani akampa simu ya kwake, akaniambia "mnataka kuniulia mjukuu kwa mambo ya mtandaoni." Kwa nilivyowasoma hapa nilijua malipo yakikatwa ataacha!

#18 (mleta uzi)

Pole sana, na mama mkwe msalimie. Hapa kosa ni langu, nilipaswa kuonya.

Malipo yakikatwa tabia haishuki moja kwa moja. Mara nyingine kwanza inapanda. Skinner mwenyewe mchoro wake wa kwanza wa tabia inayofifia aliupata kwa bahati: kidude cha kutoa chakula kilikwama, panya hana habari, akaendelea kubonyeza ingawa hakuna kinachotoka, mpaka akachoka. Mwanao alikuwa anapiga rimoti kwenye goti. Alikuwa anakaribia mteremko. Bibi akazibua mashine.

Sasa hali ni ngumu kidogo kuliko ulipoanza, maana amejifunza kwamba bei ni dakika arobaini na matapishi, tena kwa kubahatisha, na nilipomjibu kaka wa boda pale juu nilishaeleza kubahatisha kunafanya nini. Kabla hujarudia, kaa na bibi kwanza, kwa heshima, bila kumtajia Skinner. Mkubaliane wote nyumbani. Kama unajua utamruhusu, mruhusu anapoomba vizuri mara ya kwanza. Kama humruhusu, basi asiwepo hata mmoja wa kuruhusu. Na mpe katuni kwa muda wake maalumu akiwa ametulia, asizikose kabisa. Halafu akishaacha usishangae siku moja, wiki mbili mbele, akaanza tena kama hajawahi kuacha. Pavlov aliliona kwa mbwa: mate yaliyokauka yanarudi baada ya mapumziko. Mara hiyo huwa fupi, ilimradi bibi asiwe na simu mkononi.

#19

Bibi ni mpangilio usiotabirika 😂😂

#20

Mangi swali la mwisho kabla uzi haujafungwa. Ndoo iko wapi?

#21 (mleta uzi)

Nimeipandisha rafu ya juu, nyuma ya majani ya chai. Mauzo ya pipi yameshuka, mke wangu kaniuliza mara mbili nimeingiliwa na nini.

Jana yule dada karudi na mwanawe. Mtoto akaingia moja kwa moja mpaka pale ndoo ilipokuwa, akasimama, akatazama sakafu. Akanitazama mimi. Akatazama sakafu tena. Wala hakulia, alivuta tu pumzi, ile ndefu, ya kujiandaa.

Mkono wa mama ulikuwa umeshaingia kwenye pochi.